Vilele vinne kwa siku moja juu ya ziwa Buttermere: namwomba radhi yule mdau wa mwaka jana

kibosho_juu (mleta mada)

Wakuu, habari za humu.

Mwaka jana kuna mdau aliuliza kama Uingereza kuna milima ya kupanda, tukamjibu kwa dhihaka kwamba kule kuna mvua na maduka tu. Mimi nilikuwa mstari wa mbele kumcheka. Leo nimekaa sebuleni hapa Preston, goti la kushoto limefungwa taulo lenye barafu, nimekuja kumwomba radhi hadharani.

Tulikuwa wanne: mimi, mama watoto, shemeji yangu (mdogo wake mama watoto, ni muuguzi) na binamu yangu aliyezaliwa Leicester. Jumamosi ya katikati ya Septemba tukapanda Red Pike mita 755, High Stile 807, High Crag 744 na Haystacks 597. Vyote vimejipanga upande mmoja wa ziwa Buttermere, kule Cumbria, ndani ya hifadhi ya Lake District. Unaanzia kijijini, unapanda, unatembea juu ya mgongo wa mlima ziwa likiwa chini yako mkono wa kushoto, unashuka mwisho wa ziwa, unarudi kwa njia ya ufukweni. Kilomita kama 13.

Najua mnachowaza, kwa hiyo niwawahi. Scafell Pike, ambacho ndicho kilele kirefu kuliko vyote ukitoa Uskoti na Wales, kina mita 978. Dodoma mjini pako kama mita 1,100. Mtu anayekunywa supu stendi ya Dodoma yuko juu kuliko Mwingereza aliyesimama kileleni anapiga picha na bendera. Hata Ben Nevis ya Uskoti, mita 1,345, Arusha mjini panaizidi kidogo. Na mimi ni mtu wa Kibosho, mteremkoni mwa Kilimanjaro, nyumba ya mzee wangu iko juu ya hayo yote. Ndiyo hesabu niliyokwenda nayo, na ndiyo iliyoniponza.

Nitaandika kwa awamu.

chumvi_kidogo

Nimekaa siti ya mbele, karanga mkononi. Picha kwanza mkuu, uzi bila picha ni kama mahakama bila kidhibiti.

Babu Kipara

Mita 807 unaita mlima? Hicho ni kichuguu kilichopata jina. Sisi tumepanda Meru tukiwa na raba za shule.

mtoto_wa_Goma

Niko Liège sasa ila nimekulia Goma. Ziwa Kivu lenyewe, maji, liko mita 1,460. Kumbe samaki wetu wanaogelea juu ya kilele cha Uingereza nzima? Nitamwambia bosi wangu Mskoti Jumatatu asubuhi.

kibosho_juu

@mtoto_wa_Goma hiyo ni kali, nimeiiba.

@Babu Kipara shikamoo. Tulia, nakuja kwako.

AWAMU YA KWANZA: KUCHELEWA

Kwenye grupu la WhatsApp niliandika "Saa 12 kamili nje kwangu". Mimi, mke na shemeji tulielewa kitu kimoja. Binamu anasikia Kiswahili vizuri tu, ila saa yake ni ya Kizungu, akaona 12 akajua ni mchana. Saa 12 alfajiri tuko nje na chupa ya chai, yeye yuko usingizini kwa rafiki yake mtaa wa pili. Simu ya nne ndiyo akapokea, anatuuliza kuna msiba gani. Tukaondoka saa 1 na nusu. Ni mwendo wa karibu saa mbili, na kijiji chenyewe ni kanisa, mashamba, mikahawa na nyumba chache, maegesho yakajaa mbele ya macho yetu. Tumeanza kutembea saa 4 kasorobo.

Kumbukeni hilo la saa 4 kasorobo.

Na binamu kavaa jinzi. Shemeji akamtazama kama anavyomtazama mgonjwa aliyeacha dozi katikati.

bintimatema

Jinzi zina shida gani? Mimi nazivaa kila mahali. Niko Birmingham, nimetoka Kyela, nimekulia Matema ufukweni kabisa mwa Ziwa Nyasa, milima ya Livingstone nilikuwa naiona toka kitandani. Nimevutiwa na huu uzi, nataka kujaribu.

kibosho_juu

Karibu dada. Jinzi ni pamba. Ikilowa haikauki, inakuwa nzito, inakubana gotini kila unapoinua mguu, na upepo ukiipiga inanyonya joto lote la mwili. Huku mvua si swali la kama, ni la saa ngapi. Bonde la jirani kuna kitongoji kinaitwa Seathwaite, kinatajwa kuwa sehemu inayokaliwa na watu yenye mvua nyingi kuliko zote Uingereza, kama milimita 3,500 kwa mwaka. Na Honister Pass, ile barabara ya mlimani nyuma tu ya kilele chetu cha mwisho, ndiyo ina rekodi ya nchi nzima: Desemba 5, 2015 zilipimwa milimita 341.4 ndani ya saa 24. Dar kwa mwaka mzima ni kama 1,100. Piga hesabu mwenyewe. Suruali ya mazoezi ya nailoni, ya bei chee, inakushinda hiyo jinzi mara kumi.

ukhty_leeds

Na sisi tunaojisitiri? Baibui mlimani najua haliwezekani.

kibosho_juu

Dada, tulikutana na kundi la akina mama wamevaa hijabu za michezo, suruali pana na makoti marefu ya mvua mpaka gotini, wanapanda kuliko sisi. Shemeji aliongea nao. Ushauri wao: mtandio mwembamba unaokauka haraka, uufunge usipeperuke, na nguo ya juu isifike miguuni maana wakati wa kushuka utaikanyaga.

AWAMU YA PILI: RED PIKE

Toka kijijini unakatiza mashamba tambarare mpaka linapoishia ziwa, unavuka kidaraja, unaingia msituni. Hapo hapo njia inasimama wima. Sina neno lingine. Ni ngazi za mawe yaliyopangwa na watu, kila jiwe limekaa kwenye nafasi yake, maana bila hivyo mvua na miguu ya watu ingekula mlima ikabaki makorongo. Nilianza kwa mbwembwe. Dakika kumi nikavua koti. Dakika ishirini nikawa nasimama "kuangalia mandhari" huku kuna miti mitupu. Mama watoto akapita, akaniuliza kwa Kichaga kama mandhari ni nzuri.

Ukitoka msituni unafika kwenye bakuli la mawe lenye kiziwa kidogo cheusi, Bleaberry Tarn. Wenyeji wana msamiati wao hapa: kiziwa cha mlimani ni tarn, mlima ni fell, kijito ni gill au beck, maneno yaliyoletwa na Waskandinavia zaidi ya miaka elfu iliyopita. Na mere maana yake ni ziwa, kwa hiyo ukisema ziwa Buttermere umesema ziwa mara mbili. Nitaendelea kusema hivyo hivyo. Hifadhi nzima ina maziwa chungu nzima, ila lenye neno Lake rasmi kwenye jina lake ni moja tu, Bassenthwaite. Binamu ndiye aliyeniambia, kidogo nimsamehe la saa.

Juu ya kiziwa ndiyo penyewe. Mwamba wa Red Pike ni jamii ya itale wenye wekundu ndani yake, na njia ya mwisho ni kokoto tupu, nyekundu. Unapiga hatua moja, unarudi nusu. Mwishoni tulikuwa tunashika mawe kwa mikono. Shemeji alipofika akafungua viganja: vyekundu kama mtu aliyesafiri Karatu dirisha wazi. Kajifuta kwenye jinzi ya binamu, bila kuomba.

Saa 6 na robo tuko kileleni. Wenyeji wanasema siku ya jua unaona maziwa matano toka pale: Buttermere, Crummock Water, Loweswater, Ennerdale Water na Derwentwater. Tuliona mawili, ukungu ukala mengine. Buttermere na Crummock unaona wazi zilikuwa ziwa moja zamani, mchanga na matope yaliyoshushwa na vijito ndiyo yakazitenganisha, na kijiji kimekaa kwenye hicho kipande cha kati.

Sasa @Babu Kipara, hapa nilikuwa nimepanda mita 650 toka ziwani, maana ziwa liko kama mita 100 tu. Mlima haupimwi toka baharini babu, unapimwa toka pale ulipoegesha gari. Na bado vitatu.

Babu Kipara

Marahaba. Mita 650 sawa, nakupa. Lakini kule Kilimanjaro, Marangu mpaka kambi ya Mandara ni zaidi ya hapo na watoto wanapanda wakiimba.

wafula254

Babu, Mandara unapanda polepole na mtu amekubebea begi 😂. Hii hapa mtu amebeba chai yake mwenyewe.

Mimi nimezunguka Longonot, ule mlima wa volkano kwetu Kenya, mara tatu. Kutoka geti hadi ukingoni mwa kreta ni kama kilomita tatu, halafu duara la ukingo ni kilomita saba na kitu, Ziwa Naivasha unaliona kule chini linang'aa. Kilele ni mita 2,776 lakini hiyo namba haikuchoshi. Kinachokuchosha ni ule ukingo: unapanda, unashuka, unapanda tena, kila ukidhani hiki ndicho cha mwisho kuna kingine nyuma yake. Nadhani ndicho kilichompata ndugu yetu.

kibosho_juu

Wafula umesema kweli tupu. Nikijumlisha kupanda kote ni karibu mita 950. Kushuka ni hivyo hivyo, na kushuka ndiko kulikonipa hii barafu.

AWAMU YA TATU: UKUNGU

Kati ya Red Pike na High Stile unashuka kidogo kisha unapanda juu ya mawe makubwa. Kuna nguzo za chuma za uzio wa zamani, zimebaki fupi fupi zenye kutu, zinafuata mgongo wa mlima. Nilizipuuza. Nikamwambia binamu hiyo ni takataka tu.

High Stile ina kaujanja. Nguzo zinapita kwenye mgongo, lakini sehemu ya juu kabisa iko pembeni kidogo, upande wa ziwa, kwenye kipande cha mlima kinachochomoza. Kwa hiyo ukitaka kugusa kilele unaziacha nguzo. Tukaziacha. Tukagusa rundo la mawe, tukala chapati. Saa 7 na nusu tunainuka kuondoka, ukungu huu hapa.

Mtu wa Kibosho naujua ukungu. Ila ule wa nyumbani unakuja unakukuta kwenye njia unayoijua, kuna migomba, unasikia jirani anakohoa. Huu ulikuja toka upande wa Ennerdale, dakika tatu sioni buti zangu. Sauti zikabadilika. Mama watoto aliongea toka mita tano nikasikia kama yuko chumba cha pili.

Nikasema kwa sauti ya baba mwenye nyumba: "Tunaendelea mbele, huku." Nikatangulia. Simu mkononi, ramani imekwama, alama yangu ya buluu inaruka ruka. Hatua kama arobaini. Halafu nikaona mbele yangu nyasi zinaishia na baada ya hapo hakuna kitu. Si giza, si jiwe, weupe tu, na upepo unapanda toka chini unanipiga kidevuni. Upepo kawaida haupigi kidevu toka chini.

Nilisimama. Sikusema kitu. Shemeji nyuma yangu akasema taratibu, "Shem, rudi kinyumenyume."

Ule upande kuna magenge yanayoshukia kwenye bonde la Birkness, wapanda miamba wanakwenda na kamba. Mimi nilikuwa naenda na chupa ya chai.

chumvi_kidogo

Karanga zimenikwama.

bintimatema

Jamani 😳 halafu?

kibosho_juu

Halafu mama watoto akatoa ramani ya karatasi na dira. Nilimcheka wakati anainunua. Ni ile ya Ordnance Survey, shirika la ramani la huku, namba OL4, sentimita nne ni kilomita moja. Akakaa chini, akaiweka ramani gotini, akalinganisha dira, akasema High Crag iko kusini-mashariki, na sisi tumekwenda kaskazini-mashariki. Tukarudi kwenye rundo la mawe. Toka pale akamtuma binamu atembee upande wa dira mpaka anapoanza kufifia, asimame, tumfikie, aende tena. Mara ya tatu binamu akapiga kelele: "Takataka! Nimeona takataka!" Ile nguzo ya kwanza ya chuma.

Sijawahi kupenda chuma chenye kutu kiasi kile. Tukazifuata moja baada ya nyingine mpaka High Crag. Dakika arobaini zilikwenda hivi hivi, na jinzi ya binamu ikawa imelowa mpaka kiunoni bila hata mvua kunyesha.

Fundi_Simu

Tatizo si simu mkuu, tatizo ni mtumiaji. Ukishusha ramani kabla ya safari GPS haihitaji mtandao hata kidogo. Unawabebesha watu makaratasi mwaka huu?

kibosho_juu

Fundi, GPS kweli haihitaji mtandao, lakini nilikuwa sijashusha ramani, na pale mtandao wenyewe ni wa kuotea. Hilo ni kosa langu. La pili, baridi inakula betri: simu ilizima ikiwa inaonyesha asilimia 22. La tatu, skrini ikilowa vidole havifanyi kazi. Nimeshashusha ramani sasa, na karatasi nitaibeba. Mama watoto ndiye atakayeishika.

muuguzi_wa_zamu

Mimi ndiye huyo shemeji, nimejiunga leo kwa ajili ya huu uzi. Ameacha kuwaambia kwamba aliporudi kinyumenyume alinikanyaga kidole.

Niongeze la maana kwa wanaokwenda. Ukiumia mlimani huku unapiga 999, unaomba polisi, halafu unawaambia unataka mountain rescue, yaani waokoaji wa mlimani. Ni watu wa kujitolea, wana kazi zao, wanaacha chakula mezani wanakuja, na hawakutozi chochote. Upande wa Buttermere ni timu ya Cockermouth. Mtandao ukigoma, filimbi: miluzi sita ndani ya dakika moja, unapumzika dakika, unarudia. Filimbi nunueni hata ya mwamuzi wa mpira. Na mtu mmoja aliyebaki nyumbani ajue mmepita wapi na mnarudi saa ngapi. Saa kwa lugha anayoielewa.

chumvi_kidogo

Shemeji karibu sana jukwaani, tafadhali mrekebishe kila anapojisifu.

kibosho_juu

AWAMU YA NNE: GOTI

High Crag sina la kusema, ukungu ulikuwa bado. Saa 8 na nusu. Kuishuka ndiyo habari nyingine. Upande ule unaitwa Gamlin End: mteremko wima, kokoto zinazotembea, sehemu nyingine wamepanga ngazi za mawe. Ngazi ni nzuri kwa mlima, kwa goti ni adhabu. Kila hatua ni mzigo wako wote unaangukia mguu mmoja. Kulikuwa na mzee wa Kizungu ana fimbo mbili za kupandia, anashuka kama anapiga marimba, tuk tuk tuk, akatupita, akasalimia, akapotea. Hapo ndipo nilipoelewa zile fimbo ni za nini. Nilidhani ni urembo.

Kusalimia, kwanza: huku mlimani kila mtu anakusalimia. Mtu huyo huyo ukikutana naye Preston kwenye basi anaangalia dirisha.

Saa 9 na nusu tuko Scarth Gap, pale mgongo unapozama kabla ya Haystacks. Na hapo kuna njia ya kushuka moja kwa moja mpaka shamba la Gatesgarth, mwisho wa ziwa. Goti linaniambia shuka. Jua linazama saa 1 na nusu kasoro kidogo. Tukapiga kura. Nikashindwa tatu kwa moja.

Babu Kipara

Kijana, hapo mlikosea. Saa 9 na nusu, ukungu, mtu mmoja kalowa, mmoja goti. Unashuka. Mlima haumfuati mtu, utaukuta hapo hapo wiki ijayo. Nacheka hizo mita zako ila hili sicheki.

muuguzi_wa_zamu

Babu shikamoo. Tulifikiria. Ukungu ulikuwa umeinuka, Haystacks ilionekana yote mbele yetu, tochi za kichwani tulikuwa nazo tatu, na binamu tulimvalisha suruali yangu ya mvua ya akiba (ilimfika nusu muundi). Tukaweka sharti: kama hatujafika juu saa 11 tunageuka. Lakini nakubali, kama ukungu ungekuwepo tungeshuka hapo hapo, kura au hakuna kura.

Babu Kipara

Marahaba mwanangu. Wewe ndiye ulipaswa kuleta mada.

kibosho_juu

Basi sawa.

AWAMU YA TANO: HAYSTACKS

Hiki ndicho kifupi kuliko vyote, mita 597, na ndicho nitakachorudi. Vile vitatu vya kwanza ni vilele vya kawaida: unafika, rundo la mawe, unaondoka. Haystacks ni kama mtaa. Unapanda kwa mikono kidogo kwenye mwamba, halafu juu unakuta vichochoro, vimajabali vyeusi, viziwa vidogo kila kona, magugu mekundu yamechanua. Unaweza kupotea ukiwa unaona kila kitu.

Kuna kiziwa kimoja kinaitwa Innominate Tarn, yaani kisicho na jina, ndilo jina lake. Alfred Wainwright, yule aliyechora na kuandika miongozo ya milima hii kwa mkono wake, alifariki mwaka 1991 na majivu yake yakamwagwa kando ya kile kiziwa, kwa wosia wake. Kanisani kijijini kuna kibao chake dirishani, ukikisoma ukiinua macho unaiona Haystacks yenyewe kupitia kioo. Watu wengi huku wanahesabu vilele vyake 214 kama watu wanaokusanya stempu. Binamu ameshaanza, ana vinne.

Tulifika saa 10 na nusu. Hakukuwa na mtu. Maji yametulia kabisa, nyuma yake mlima Great Gable umesimama umejitoa ukunguni. Mama watoto akavua buti, akatia miguu, akapiga ukelele nadhani ulisikika mjini Keswick. Tukamalizia chapati. Kondoo mmoja akaja, akasimama mita mbili, akatutazama kwa uso mweupe kama mtu anayedai.

Hao kondoo ni Herdwick. Wanazaliwa weusi, wanageuka kijivu wakikua. Hakuna uzio juu, lakini kila kundi lina mlima wake, mama anamfundisha mwanawe mipaka, na yeye atamfundisha wake. Ndiyo maana ugonjwa wa midomo na miguu ulipoingia mwaka 2001 na mifugo ikauawa kwa wingi, wafugaji walihofia kupoteza zaidi ya mifugo: ukileta kondoo wageni hawajui wanaishia wapi. Mzee wangu alivyonisikia kwenye simu akasema hao kondoo wana akili kuliko majirani zake wa kihamba.

wafula254

😂😂 Mzee ana kesi ya mpaka bila shaka.

kibosho_juu

Mwaka wa sita sasa.

Kurudi kulikuwa kwa bonde la Warnscale, kupita machimbo ya zamani ya mawe ya kuezekea, halafu Gatesgarth, halafu ufukwe wa ziwa karibu kilomita mbili na nusu. Hapo sikumbuki mandhari. Nakumbuka mgongo wa binamu na ile suruali fupi. Tumegusa gari saa 1 na dakika 10 jioni.

Kuna kanuni ya Mskoti mmoja, Naismith, ya mwaka 1892: kwa vipimo vya sasa ni saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa safari yetu inatoa saa 4 na dakika kama 10. Sisi tulitumia saa 9 na dakika 25. Naismith hakuwa na shemeji, hakuwa na chapati, na hakupotea High Stile.

Fundi_Simu

Nimepiga hesabu, ni sawa. Nakiri pia nimeagiza dira.

bintimatema

Mkuu asante, nimecheka na nimeogopa. Sasa swali langu la kweli: mama yangu anakuja toka Kyela mwezi wa sita, ana miaka 68, anatembea vizuri ila hayo ya kokoto hapana. Nataka aone ziwa lenye milima, amezoea Matema, nisije nikampeleka kwenye bwawa akanicheka.

kibosho_juu

Dada, usimlinganishie na Nyasa, Buttermere ni kilomita mbili tu toka mwanzo mpaka mwisho, Nyasa ni bahari. Ila mzungushe ziwa lote kwa miguu, ni kama kilomita saba, njia karibu tambarare, milima yote hii inamtazama juu. Fuata msitu kwanza, mvuke Gatesgarth, mrudi upande wa barabara. Kuna kipande kifupi pembeni mwa barabara, mshike mkono. Halafu upande huo wa kurudi, njia ya ufukweni inaingia kwenye tundu lililochongwa ndani ya mwamba, handaki fupi, unainama kidogo, ni giza na chini kuna madimbwi. Atalipenda.

bintimatema

Viatu?

muuguzi_wa_zamu

Raba zenye meno zinatosha, soksi jozi mbili, moja mkobani. Mwende katikati ya wiki kama unaweza, maegesho wikiendi ni vita. Na kijijini kuna shamba linauza aiskrimu ya maziwa ya ng'ombe wao wenyewe. Mletee mama ya kwake pekee, usimgawie yako, maana Jumamosi shem alisema hataki halafu akamaliza ya kwangu.